Mjadala, ubishi au uchochezi?

Mjadala ni kupimana hoja kwa hoja. Ubishi ni kushikilia lako hata ukweli ukidhihiri. Malumbano ni kujibizana kwa maneno makali, ingawa kwa washairi wetu ni ufundi wa kujibizana kwa beti. Kauli tata ni ile yenye maana zaidi ya moja. Uchochezi ni kuwasukuma watu kwenye chuki au vurugu.

Hili la mwisho tulichunge. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaharamisha matamshi ya chuki za kikabila. Mwananchi akiuliza barazani pesa za basari zimekwenda wapi, hajachochea, ameuliza. Ukimwita mchochezi, unamtia mashakani bure. Mjibu.