Wawili Wawili wa Wimbledon

Mashindano ya tenisi ya wanaume wawili wawili hayakuzaliwa Wimbledon. Kuanzia 1879 yalichezwa Oxford, na mapacha William na Ernest Renshaw walishayatwaa huko mara mbili kabla hayajahamia Wimbledon mwaka 1884. Walipofika huko waliendelea kutawala: 1884, 1885, 1886, 1888 na 1889. Wapinzani walizoea kuusubiri mpira udunde. Hawa waliuwahi ungali hewani.

Wakaja ndugu wengine, Reginald na Laurence Doherty, waliozaliwa Wimbledon kwenyewe. Kati ya 1897 na 1905 walichukua ubingwa mara nane, na ni mwaka 1902 tu walipoukosa. Enzi hizo bingwa mtetezi alikuwa akimsubiri mshindani kwenye fainali, desturi iliyofutwa 1922, mwaka ambao mashindano yalihama Worple Road kwenda Church Road. Hata hivyo, mataji manane ni manane.

Baadaye ufalme ukahamia Australia. John Newcombe na Tony Roche walishinda mara tano, kisha Todd Woodbridge na Mark Woodforde wakashinda mara sita, tano kati ya hizo mfululizo, 1993 hadi 1997. Woodforde alipostaafu, Woodbridge akaungana na Msweden Jonas Björkman, akaongeza mataji matatu. Mataji yake tisa hakuna aliyeyafikia.

Lakini kwangu mimi utamu wa mchezo huu hauko kwenye hesabu ya makombe peke yake. Tazama robo fainali ya 2006: Mark Knowles na Daniel Nestor dhidi ya Simon Aspelin na Todd Perry. Seti ya tano ilikuwa haina kikomo. Ilikuwa lazima upande mmoja uutangulie mwingine kwa gemu mbili. Iliisha 23-21, na mechi nzima ikachukua saa sita na dakika tisa. Watu wanne walisimama kwenye nyasi zile muda wote huo, na ukizembea kuanzisha mpira mara moja tu, umemwangusha na mwenzako. Tangu 2023 mechi za wawili wawili zimepunguzwa kuwa za seti tatu, na naona tumenyang'anywa kitu.

Mlango wa wawili wawili, kwa bahati nzuri, bado uko wazi kwa watu ambao mchezo wa mmoja mmoja ungewasahau. Mwaka 2012 Jonathan Marray na Frederik Nielsen waliingia kwa kualikwa tu na waandaaji, wakaondoka na kombe. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Harri Heliövaara na Henry Patten. Heliövaara, Mfini, aliwahi kuacha tenisi akafanya kazi uwanja wa ndege wa Helsinki. Patten, Mwingereza, aliwahi kuajiriwa hapohapo Wimbledon kurekodi takwimu za mechi za wenzake. Kwenye fainali wapinzani wao, Max Purcell na Jordan Thompson, walibakiza pointi moja wawe mabingwa. Mara tatu walikaribia hivyo, mara tatu wakazuiwa. Seti ya mwisho iliamuliwa kwa pointi 11-9 za kuvunja sare.

Mwaka uliofuata, Julian Cash na Lloyd Glasspool waliwashinda Rinky Hijikata na David Pel 6-2, 7-6. Jozi ya Waingereza watupu ilikuwa haijashinda tangu Pat Hughes na Raymond Tuckey, mwaka 1936.