Uraibu na michezo: Nguzo ya afya ya watu wazima inayopuuzwa

NENO uraibu lina sura mbili katika Kiswahili. Kwa upande mmoja, ni shughuli ambayo mtu huipenda na kuifanya kwa hiari wakati wa mapumziko, mathalani kusoma, kuimba, kufuma au kucheza bao. Kwa upande wa pili, ni mazoea yaliyomteka mtu hata akashindwa kuyaacha, kama vile ulevi na kamari. Tofauti kati ya sura hizo ndiyo huamua iwapo saa za mapumziko zitamjenga mtu mzima au zitambomoa.

Suala hili lina uzito wa kipekee katika sehemu kama vile Murera, wadi iliyo katika eneobunge la Juja, Kaunti ya Kiambu, pembezoni mwa miji ya Ruiru na Thika. Mashamba makubwa ya kahawa na mkonge yaliyotawala eneo hilo tangu enzi ya ukoloni yamekuwa yakigawanywa kuwa viwanja vya makazi. Idadi ya watu katika kaunti nzima ilipanda kutoka 1,623,282 katika sensa ya mwaka 2009 hadi 2,417,735 katika ile ya 2019. Upanuzi wa barabara kuu ya Thika, uliokamilika mwaka 2012, uliwawezesha wengi kujenga au kupanga nyumba huko huku wakiendelea kufanya kazi Nairobi.

Matokeo yake ni kwamba watu wazima wengi huondoka makwao alfajiri na kurejea giza limeingia. Jumapili huwakuta wakiwa na uchovu, katika mtaa ambao pengine hawawajui majirani. Watoto angalau hucheza shuleni. Mzazi hana uwanja wala mwenzake wa kucheza naye.

Mila za kale

Dhana kuwa mchezo ni wa watoto haina mizizi mirefu katika jamii za Afrika Mashariki. Wagikuyu walikuwa na giuthi, mchezo wa kete na mashimo uliochezwa na wakubwa kwa wadogo. Waluo wana ajua, nao Waswahili wa pwani wana bao lenye mashimo 32 na kete 64, ambalo wazee hulicheza barazani hadi leo. Michezo hii humtaka mchezaji ahesabu, akumbuke na akisie nia ya mpinzani wake.

Kadhalika kuna mwomboko, dansi ya Wagikuyu iliyoshamiri katika miaka ya 1940 kwa mdundo wa kodiani na pete ya chuma iitwayo karing'aring'a. Hadi sasa wachezaji wake wengi ni watu wa makamo na wazee. Dansi hiyo hukusanya pamoja mambo ambayo madaktari huyahimiza moja moja: mwendo wa mwili, muziki, kumbukumbu ya hatua na kukutana na wenzao.

Yasemayo utafiti

Mwaka 2003, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofuatilia wakongwe 469 wa New York waliokuwa na umri wa zaidi ya miaka 75. Waliosoma, kucheza michezo ya ubaoni, kupiga ala za muziki au kusakata densi mara kwa mara walipatwa kwa uchache na maradhi ya kupoteza kumbukumbu.

Mwaka 2023, jarida la Nature Medicine lilichapisha uchanganuzi wa takwimu za watu zaidi ya 93,000 wenye umri wa miaka 65 na zaidi kutoka mataifa 16. Waliokuwa na uraibu waliripoti dalili chache za sonona na kuridhika zaidi na maisha yao. Hata hivyo, tafiti za aina hii hazithibitishi kuwa mchezo pekee ndio ulioleta nafuu, kwani mwenye siha njema huwa mwepesi wa kucheza. Isitoshe, hakuna nchi hata moja ya Afrika iliyokuwa miongoni mwa hizo 16.

Kuhusu mwili, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unawapendekezea watu wazima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki. Kandanda ya jioni, densi au matembezi ya haraka hutosha kutimiza kiwango hicho bila ada yoyote.

Mchezo au kamari?

Mchezo wa kweli humwachia mtu nguvu za kurudi kazini na hamu ya kukutana na wenzake tena. Mchezaji drafti anayetumia vifuniko vya chupa za soda akishindwa, hupanga kete upya na kuanza. Anayebashiri matokeo ya mechi kwa simu akishindwa, hupoteza karo au kodi ya nyumba, kisha hutia pesa zaidi akitumai kurejesha alizopoteza. Huyo hachezi tena, anafukuza hasara. Dalili za hatari ni kuficha matumizi, kukopa ili kuendelea, na kukosa raha mtu anapojaribu kuacha.

Wakati na mahali

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, pamoja na likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka. Hata hivyo, mwendeshaji bodaboda au mama mboga anayejiajiri hana mwajiri wa kumpa likizo hiyo. Siku asiyofanya kazi ni siku asiyopata riziki. Kwake, mchezo unaowezekana ni ule ulio karibu, usiogharimu kitu na unaoweza kukatizwa mteja anapofika.

Hapo ndipo serikali ya kaunti inapoingia. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linaikabidhi katika kifungu kimoja kamari, leseni za pombe, maktaba, michezo na bustani za burudani. Sura zote mbili za uraibu zimo mikononi mwake. Palipo na kilabu cha pombe lakini hapana uwanja wala maktaba, wakazi wamekwisha kuchaguliwa namna ya kupumzika.

Wakati wa kutenga uwanja ni kabla shamba kumalizika kukatwa viwanja, kwa sababu nyumba ikishajengwa ni vigumu kuirudisha ardhi. Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Wakazi wa Murera na mitaa mingine inayokua kwa kasi wanahitaji kwanza mahali pa kuchezea huko kwao.