Mdundiko Una Mwenyewe

Mtoto wa Buguruni akisikia mdundiko hakai. Mimi niliufuata nikapotea, nikarudishwa nyumbani jioni, nikala fimbo. Hakuna aliyenieleza ngoma ile ilikuwa na kazi gani.

Kwa Wazaramo, waliokuwa hapa kabla Sultani Majid hajaanza kuujenga mji miaka ya 1860, msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, mara nyingi kwa miezi, akifundwa na kungwi. Alipelekwa pia chini ya mkole, mti wenye matunda mengi, ishara ya uzazi. Siku ya kumtoa, ngoma ilitangaza mitaani: aliyeingia mtoto ametoka mtu mzima.

Sheria ya Elimu ya 1978 ilipowalazimisha watoto wote kwenda shule, kuwekwa ndani kulizidi kufupishwa, kukasubiri likizo. Hilo silililii; shule ni haki ya binti. Ninacholilia ni mafunzo kupungua, kelele zikabaki.

Mzazi, mwanao akiufuata mdundiko, kabla hujashika fimbo mweleze: ngoma ile ilikuwa ya mwali.

Hadi wiki ijayo.