Uchapaji wa picha kwa mkono: mbinu tatu za msingi

Mjini Doha, Qatar, wanafunzi wa sanaa husomea uchapaji pamoja na uchoraji katika tawi la Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth cha Marekani, lililoanzishwa mwaka 1998.

Mchapaji hachori moja kwa moja juu ya karatasi. Kwanza huandaa bamba, hulipaka wino, kisha hulikandamizia karatasi. Picha hutoka imegeuka, kama katika kioo.

Kwa anayetumia hati ya Kiarabu, jambo hili lahitaji uangalifu mkubwa. Maandishi yasomwayo kutoka kulia hayana budi kuchongwa kuanzia kushoto, na kosa la herufi moja hujirudia katika kila nakala.

Ubao

Hii ndiyo mbinu kongwe zaidi. Fundi huondoa sehemu zitakazobaki nyeupe, na wino hushika zile zilizoinuka.

Uchina ilikuwa na vitabu vilivyochapwa kwa ubao katika karne ya 9. Nchini Misri, hirizi zenye aya za Kurani zilichapwa kwenye karatasi tangu karne ya 10, mamia ya miaka kabla ya matbaa ya Johannes Gutenberg huko Ujerumani.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, baadhi ya khanga za awali zilipigwa chapa kwa vibao vya mbao.

Shaba

Hapa kanuni hugeuka. Mistari huchimbwa kwa ncha ya chuma, au huliwa na asidi. Wino husukumwa ndani ya mistari, uso wa bamba hufutwa, na karatasi yenye unyevu hupitishwa pamoja na bamba katika mashine yenye mgandamizo mkubwa.

Asidi ni hatari. Wakati wa kuichanganya, asidi humiminwa ndani ya maji. Kamwe maji yasimiminwe ndani ya asidi.

Jiwe

Alois Senefelder aligundua mbinu hii nchini Ujerumani mwishoni mwa karne ya 18. Msanii huchora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, kisha jiwe hulowanishwa. Kwa kuwa maji na mafuta havichangamani, wino hushika mchoro pekee.

Idadi ya nakala

Msanii hutia saini kwa penseli na kuandika, kwa mfano, 3/20: nakala ya tatu kati ya ishirini. Baada ya hapo, kwa desturi, bamba hukwaruzwa lisitumike tena. Anayechapa nyingine kwa siri humdhulumu mnunuzi na hupoteza imani ya wateja.

Kwa anayeanza, ubao ndio unaofaa zaidi. Hauhitaji mashine wala asidi. Mgongo wa kijiko watosha kusugulia karatasi. Hivyo mwanafunzi wa Mombasa au Kampala asiye na karakana aweza kujifunza kanuni ileile inayofundishwa Doha.