Kampuni kubwa ikianguka: somo la mji wa Jena

Wenzangu bafinalisti, na nyinyi mulioshika diploma tayari, leo tuongee juu ya fotoniki. Ni ile kazi ya kutengeneza na kutumia mwanga: lazeri, lensi, kamera, nyuzi zinazotuletea intaneti. Lakini swali langu ni hili: kampuni inayolisha mji mzima ikianguka, wadogo wanabakia na nini?

Mji wa Jena, Ujerumani, ulipita mule. Carl Zeiss alifungua karakana yake pale mwaka 1846. Mwaka 1866 akamwita Ernst Abbe, mwalimu wa fizikia kwenye chuo kikuu. Mwaka 1884 Otto Schott akaanzisha nao maabara ya vioo. Fundi, mwanasayansi na mtu wa kioo: njo vile mikroskopu za Jena zilijulikana dunia nzima.

Kisha vita. Jena ikabakia Ujerumani Mashariki, na Zeiss ya pale ikawa mali ya serikali. Mwaka 1989 ukuta wa Berlin ukaanguka, na wateja wa Ulaya Mashariki wakapotea. Mwaka 1991 sehemu moja ya kampuni ikawa Jenoptik, chini ya mwanasiasa Lothar Späth. Nyingine ikaenda kwa Zeiss ya Magharibi. Maelfu ya watu wakarudishwa nyumbani, wakiwemo mainjinia na mafundi wa kweli. Kati yao wengine walifungua kampuni ndogo: huyu anasugua lensi, yule anatengeneza lazeri. Kila mmoja alijua kazi yake vizuri, lakini mteja wa mbali angemjulia wapi?

Mwaka 1999 chama OptoNet kikazaliwa. Kampuni ndogo na kubwa, chuo kikuu na watafiti wakaanza kukaa meza moja. Chama kama hicho kinafanya kazi ambayo kampuni ya watu kumi haiwezi peke yake: kwenda pamoja kwenye maonyesho ya biashara, kuongea na serikali kwa sauti moja, kuvuta vijana kwenye masomo ya optiki, kujua nani anafanya nini. Musidhani chama peke yake njo kiliokoa Jena. Serikali iliweka mabilioni ya marki. Lakini pesa haifundishi majirani kujuana. Zamani waliunganishwa na tajiri mmoja. Sasa ilibidi wajiunganishe wenyewe.

Kwa nini nawaambia sisi Wakongomani hii? Juu sisi pia tunajua kampuni mama. Wazee wa Katanga wanaweza kuwaeleza Gécamines ilikuwa nini: mshahara, hospitali, masomo. Na tena, kwenye terili ya Lubumbashi kuna germani, madini yanayoingia kwenye nyuzi za intaneti na kamera za kuona usiku. Mwaka 2024 STL, mtoto wa Gécamines, ilifanya mapatano juu ya germani hiyo na Umicore ya Ubelgiji. Kumbe udongo wetu umekwisha kuingia fotoniki. Sisi je?

Mwanakemia yuko, mwanafizikia yuko, fundi wa kuunga nyuzi za intaneti yuko, lakini kila mtu anatembeza CV yake peke yake. Tusingoje tajiri atukusanye. Tuanze na kitu kidogo: orodha ya majina yetu, na mbele ya kila jina, kazi ambayo mikono yake inaweza kweli.