Utetezi Katika Kesi ya Cyangugu

Tarehe 25 Februari 2004, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilitoa hukumu katika kesi iliyojulikana kama kesi ya Cyangugu, mji ambao leo umo katika wilaya ya Rusizi. André Ntagerura, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, na Emmanuel Bagambiki, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Cyangugu, waliachiwa huru. Luteni Samuel Imanishimwe, kamanda wa kambi ya jeshi ya Karambo wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, alifungwa miaka 27. Katika mji wenyewe watu waliingia barabarani kulalamika, na ni nani awezaye kuwalaumu? Hawa ni watu waliowaona ndugu zao wakitolewa kwenye uwanja wa Kamarampaka na kupelekwa kuuawa. Hata hivyo, tukifuatilia kesi hiyo hatua kwa hatua hadi rufani ya 2006 na baada yake, tunakuta kwamba lawama inayowekwa juu ya mawakili wa utetezi mara nyingi imewekwa kwa watu wasiostahili. Palikuwa na uchafu katika utetezi, na nitauonyesha. Kilichoiangusha kesi, kwa sehemu kubwa, kilikuwa kwenye meza ya mwendesha mashtaka.

Uchafu wenyewe una jina: Siméon Nchamihigo. Mwaka 1994 alikuwa naibu mwendesha mashtaka Cyangugu. Baadaye alionekana Arusha akifanya kazi kama mpelelezi katika timu ya utetezi ya Imanishimwe huyo huyo, akijiita Sammy Bahati Weza na kujifanya Mkongomani. Alikamatwa tarehe 19 Mei 2001, kesi ikiwa inaendelea. Uzito wa jambo hili ni mkubwa kuliko jina la bandia. Mpelelezi wa utetezi ndiye anayewatafuta mashahidi, anayekwenda vijijini kuuliza nani alikuwa wapi, na anayemweleza wakili ni nani wa kuaminiwa. Kumweka kwenye kazi hiyo mtu aliyekuwa mwenye mamlaka katika mji ule ule, wakati ule ule, ni kumfanya manusura aogope kufungua mdomo. Na hakuwa peke yake katika kuipaka mahakama matope: mwanzoni mwa 2001 wakaguzi wa ndani wa Umoja wa Mataifa walikuwa tayari wameandika kuhusu mawakili waliogawana ada na wateja wao. Wakili anayemlipa mteja ili asimbadilishe hawezi kumshauri kwa uhuru. Anayesema kwamba utetezi wa Arusha ulikuwa na aibu zake anasema kweli.

Lakini aibu hizo zilitokana na nini? Mpelelezi hakuajiriwa na wakili peke yake. Ofisi ya Msajili iliidhinisha majina ya wapelelezi na ndiyo iliyowalipa. Mlango uliompitisha Nchamihigo ulikuwa na walinzi wawili, na wote wawili hawakumwona. Tena, yaliyompata baadaye yanafundisha zaidi kuliko kukamatwa kwake. Alishtakiwa, na mwaka 2008 akahukumiwa kifungo cha maisha. Tarehe 18 Machi 2010, Mahakama ya Rufani ilifuta sehemu ya hatia zake, kwa sababu majaji wa kwanza waliwaamini mashahidi walioshiriki uhalifu bila tahadhari ya kutosha, ikampunguzia adhabu hadi miaka 40. Hatia nyingine zilibaki. Mtu aliyeuharibu utetezi wa mwingine alihitaji utetezi ulio safi ili ijulikane ni lipi hasa alilofanya. Na hilo ni kwa faida ya wafiwa pia, kwa maana hatia iliyosimama juu ya ushahidi uliochujwa ndiyo itakayodumu.

Jambo linalouma zaidi ni Gashirabwoba. Tarehe 12 Aprili 1994, wakimbizi wengi wa Kitutsi waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira huko, eneo ambalo leo liko wilaya ya Nyamasheke, waliuawa na wanajeshi pamoja na wanamgambo wa Interahamwe. Mahakama ya kwanza ilimtia Imanishimwe hatiani kama mkubwa wa wanajeshi hao. Tarehe 7 Julai 2006, Mahakama ya Rufani iliibatilisha hatia hiyo, ikathibitisha kuachiwa kwa Ntagerura na Bagambiki, na kifungo cha Imanishimwe kikashuka kutoka miaka 27 hadi 12, kwa makosa ya mauaji, kufunga watu kinyume cha sheria, utesaji na ukatili. Majaji hawakusema kwamba mauaji ya Gashirabwoba hayakutokea. Walisema kwamba hati ya mashtaka haikumweleza mshtakiwa ipasavyo kwamba angejibu kwa mauaji hayo kama mkuu wa wanajeshi, na kasoro hiyo haikusahihishwa kwa wakati.

Wengi wataliita hilo hila ya karatasi. Najua ugumu wa kumwambia mama aliyepoteza watoto kwamba karatasi ilikosea. Bado nauliza: kazi ya kuandika mashtaka ilikuwa ya nani? Majaji wa kwanza wenyewe walizikosoa hati za kesi hii kwa ukungu wake, aya zilizosema mshtakiwa alishirikiana na wengine bila kutaja nani, lini wala wapi. Wakili aliyeonyesha pengo hilo hakulitengeneza. Angenyamaza, angekuwa ameukana wajibu wake, na pengo lingebaki pale pale. Mwendesha mashtaka alikuwa na ofisi, wapelelezi na miaka kadhaa tangu Imanishimwe akamatwe Kenya mwaka 1997. Muda wa kuandika sentensi moja iliyo wazi kuhusu Gashirabwoba ulikuwepo.

Kuna hoja nyingine, nayo ina nguvu kuliko ya hila: kwamba Rwanda iliweza kuhukumu bila mawakili. Mahakama za kijamii za gacaca, zilizofungwa rasmi Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi zinazokaribia milioni mbili, hazikuwa na wakili hata mmoja. Zilifanya ambalo hakuna mahakama ya kawaida ingeweza: kuwakalisha majirani pamoja wakataje maiti zilipozikwa. Sizidharau. Lakini tukumbuke zilitokea wapi. Kesi za kwanza za mauaji ya kimbari nchini zilianza mwishoni mwa Desemba 1996, na sheria ya kuanzisha chama cha mawakili ilipatikana Machi 1997 tu. Sheria ya Agosti 1996 ilimruhusu mshtakiwa kuwa na wakili, ila si kwa gharama za serikali. Cyangugu hali ilikuwa mbaya zaidi. Tarehe 4 Februari 1997, wafanyakazi watano wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa haki za binadamu waliuawa Karengera, na ujumbe ukaondoa watu wake katika mikoa ya magharibi. Kutokuwepo kwa mawakili kulitokana na uhaba na hatari. Kuuita uhaba huo ushahidi kwamba hawahitajiki ni kuipindua historia.

Na kipimo kikubwa cha nani aliyewaangusha wanawake wa Cyangugu kiko katika mashtaka ya ubakaji. Mwaka 2001 muungano wa mashirika ya haki za wanawake uliiomba mahakama ya Arusha iruhusu hoja zake ili ubakaji uingizwe katika kesi hiyo. Mahakama ilikataa ombi, na mwendesha mashtaka hakuuweka ubakaji katika mashtaka. Oktoba 2007, mahakama ya Rusizi ilimhukumu Bagambiki kifungo cha maisha kwa makosa ya ubakaji na kuuchochea, yeye akiwa hayupo, kwa kuwa alikuwa ameshajiunga na familia yake Ubelgiji. Wanawake hao hawakusikilizwa Arusha juu ya lile walilofanyiwa. Hakuna wakili wa utetezi aliyekuwa na uwezo wa kuliondoa shtaka hilo, kwa maana halikuwahi kuwekwa.