Kiungo cha kubana

Kiungo cha kubana ni fitingi ya kuunganisha mabomba ya plastiki, hasa ya polithilini, bila gundi wala moto. Nati ikikazwa, pete yenye meno hung'ata bomba lisichomoke, na ringi ya mpira huzuia maji. Kwa kuwa mpira huo hukalia uso wa nje wa bomba, uimara hutegemea maandalizi kuliko nguvu ya spana: bomba likatwe bila mshazari, ncha ichongwe, sehemu yenye mikwaruzo inayofuata urefu wa bomba ikatwe, na kina cha kuingiza kiwekewe alama. Wapo mafundi wanaozungushia hesi za nati tepu nyeupe, lakini hesi hizo hubana tu, hazizibi maji. Kukaza kupita kiasi nako hakufidii maandalizi mabovu, maana plastiki iliyogandamizwa hulegea taratibu. Bomba laini huhitaji kimrija kigumu cha kuliegemeza kwa ndani.